Blanketi la Mama Kandida: Miaka Thelathini na Miwili ya Bi. Benadetha Alois

Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025, Bi. Benadetha Alois atakabidhi mkasi mkubwa na ufunguo wa chumba cha kukatia vitambaa, baada ya kuitumikia karakana yetu ya Bagara kwa miaka thelathini na miwili. Anastaafu akiwa na miaka sitini, macho bado mazima, na anarudi nyumbani kwake Bonga.

Aliingia hapa mwaka 1993 kushona vifungo vya sare za shule. Baada ya miaka miwili alipewa cherehani, na mwaka 2004, tulipoanza kutengeneza mifarishi, akawa mkuu wa chumba cha kukatia. Mfarishi, kwa wasomaji wageni, ni blanketi la tabaka tatu: juu viraka vilivyounganishwa, katikati pamba, chini bitana. Kazi ngumu ni ya juu, kwa sababu kiraka kimoja kikipinda nusu sentimita, safu nzima hukifuata. Wanawake sitini na mmoja wamejifunza kazi hiyo kwake. Mwaka umeme ulipokatika wiki mbili mfululizo, aliwarudisha wote kwenye cherehani za kukanyaga, na mifarishi arobaini ya hosteli ikatoka siku iliyoahidiwa.

Februari mwaka jana karakana ilinunua kompyuta mpakato yenye programu ya kuchorea mifarishi. Programu hiyo hukupa kioo kilichogawanywa vyumba vidogo kama daftari la hesabu. Unapiga picha kitambaa chako, unakiweka katika chumba unachotaka, na kompyuta inakuonyesha mapema mfarishi utakavyoonekana, na utakula mita ngapi. Bi. Zuwena, mkuu wa mauzo, ndiye aliyepewa kazi ya kuwafundisha wenzake.

Wiki ya kwanza Bi. Benadetha alibofya kipanya akiwa amevaa tondoo, ile kofia ya chuma ya kidole cha kushonea. Zuwena, anayemwita kwa jina la mwanawe, akamwambia, “Mama Teodori, vua hicho, kipanya hakichomi.” Akajibiwa kwamba aliyewahi kushona kanzu ya mikono mitatu asimfundishe mtu mambo ya vidole. Chumba kizima kilicheka, Zuwena mwenyewe akiwa wa kwanza.

Kilichomshangaza zaidi Bi. Benadetha ni kitufe cha kutendua. Mtu aliyefumua mishono kwa wembe miaka yote hiyo aliona kosa linafutika bila hata tundu la sindano kubaki. Aliuliza makosa yale huenda wapi. 

Zoezi la kwanza lilikuwa kunakili mfarishi wa zamani, kiraka kwa kiraka. Bi. Benadetha alileta blanketi la marehemu mama yake, Mama Kandida, aliyelishona kwa mkono kati ya mwaka 1972 na 1985. Sisi mafundi tulilitazama kwa huruma. Halikuwa na safu wala mpangilio, viraka mia nne vya kila umbo, kana kwamba mtu alishona akiwa amefumba macho.

Siku hizo hizo alikuwa na mzigo mwingine. Bomba jipya la maji lilipangwa kupita katika shamba la familia yao huko Bonga, na vigingi vilikwishapigwa. Baba yake, Mzee Alois, alizikwa katika shamba hilo mwaka 1970, Benadetha akiwa na miaka mitano. Masika yaliyofuata yalishusha tope kutoka mlimani, msalaba wa mti ukaenda nalo. Mama Kandida pekee ndiye aliyejua mahali, naye alifariki mwaka 1991 bila kupaonyesha. Taarifa ya mradi ilikuwa wazi: kaburi litakaloonyeshwa litahamishwa kwa heshima kabla ya tarehe 20 Mei; lisiloonyeshwa, mashine itapita. Kaka yake, Melkiadi, alichimba hapa na pale wiki tatu, akaambulia mizizi.

Tarehe 9 Mei, saa tano asubuhi, Bi. Benadetha alimaliza kunakili kiraka cha mwisho. Zuwena akamwonyesha namna ya kuipunguza picha ili aone kazi nzima kwa mara moja. Viraka vikasinyaa vikawa kama punje, na pale palipokuwa na fujo pakawa na shamba.

Tuliokuwepo tuliliona wote. Kipande cha kijivu kilichojikunja kilikuwa kijito. Kijani kilikuwa mahindi, kahawia ilikuwa njia ya ng’ombe. “Mama Teodori, umechora kwenu,” Zuwena alisema. Akajibu kwamba yeye hakuchora kitu, amenakili tu.

Hadi hapo mtu angeweza kueleza. Mwanamke aliyelima mteremko ule maisha yake yote anaweza kuushona bila kujua. Lakini upande wa juu kulikuwa na mraba wa bluu, na mahali hapo ndipo ilipo nyumba ya Bi. Benadetha yenye bati la bluu, iliyojengwa mwaka 2011. Na kutoka kona hadi kona ulipita utepe mwembamba wa njano, ukikata mahindi na kuruka kijito palepale vigingi vilipopigwa mwezi uliotangulia. Zuwena alidhani kompyuta imekosea. Tulilitandaza blanketi lenyewe mezani. Utepe ulikuwepo, umefifia kwa kufuliwa, na mishono ilikuwa ya Mama Kandida.

Juu ya utepe huo kulikuwa na kiraka cheusi, na ndani yake kitambaa cheupe kisichozidi ukucha.

 Bi. Benadetha alipima kwa shubiri kama alivyopima kila kitu karakanani: kutoka mraba wa bluu hadi kijito, shubiri nne. Shambani umbali huo ni hatua arobaini na nane. Kwa hiyo shubiri moja ni hatua kumi na mbili, na kiraka cheusi, kilichokuwa shubiri tatu kutoka kwenye mraba, kilikuwa hatua thelathini na sita. Jioni ile alihesabu hatua zake kutoka nyumbani hadi kwenye mstari wa vigingi, akasimama, akamwambia kaka yake achimbe kati ya miguu yake. Melkiadi alisema pale alikwishapita na jembe mara mbili. Akaambiwa achimbe.

Kwenye kina cha goti jembe liligonga kikombe cheupe cha bati, kimegeuzwa kifudifudi juu ya jiwe bapa. Melkiadi alikaa chini. Akakumbuka kwamba siku ya mazishi mama yao alikiweka kikombe cha baba hapo kwa mkono wake. Mzee Alois alihamishwa tarehe 17, kukiwa na katekista na majirani, siku tatu kabla ya mashine.

Mahali papya alipachagua Melkiadi mwenyewe, kando ya nyumba, penye kivuli, bila kuuliza blanketi. Wiki moja baadaye Zuwena, akiichapa picha ya blanketi kwa ajili ya ukuta wa ofisi, aliona kwamba kando ya mraba wa bluu kulikuwa tayari na kiraka cheusi, sawasawa mahali hapo. Kando yake kilikuwepo kingine cheusi, chembamba kidogo. Melkiadi anasema hicho ni cha kaburi lake kwa kuwa yeye ndiye mkubwa. Dada yake amemwambia wembamba ule si wa kaka, ni wa dada. Picha haikutundikwa.

Tangu hapo Bi. Benadetha amechora kwa programu ile mifarishi kumi na minane, yote imeuzwa, na amewafundisha mafundi saba. Kila akimaliza mchoro huupunguza, akautazama kwanza peke yake, ndipo anatuita.

Sasa anarudi kwenye kazi aliyoachiwa. Upande wa mashariki wa blanketi Mama Kandida hakuupinda; kingo ziko wazi na nyuzi zinaning’inia. Bi. Benadetha atauendeleza. Zuwena alimuuliza atashona nini, maana shamba limeishia pale. Alisema hajui, na anadhani mama yake naye hakujua.

Bi. Benadetha, asante kwa mikono yako na kwa subira yako kwetu. Tunakuombea miaka mingi yenye afya, vitambaa visivyokwisha, na upande wa mashariki mpana kuliko shamba. Ushone polepole. Kiraka kile chembamba kina subira. Na wewe usikiharakishe.