Mwizi Haibi Kibovu

Kwenye treni, kiti cha mbele yangu, mama mwenye duka la kuchapa barua alimwonyesha abiria wa pembeni yake, fundi wa kompyuta, kompyuta yake ya mkononi inayozimika ovyo. Fundi akaichungulia. "Mama, programu hii ya kuchapia imevunjwa kufuli, ni ya wizi. Ndiyo iliyokuletea virusi. Ipo nyingine ya bure, halali kabisa, na masomo yake yamejaa mtandaoni." Mama akaguna. "Mwanangu, mwizi haibi kibovu. Ila kinachogawiwa bure, ujue kimemshinda mwenyewe." Nikajikuta naitikia kwa kichwa, na mimi ni mwalimu wa maadili. "Mbona hata mimi naitumia hiyo ya bure, mama?" fundi akauliza. Mama akamtazama viatu vyake vilivyochakaa. Treni ikasimama. "Haya, nitaijaribu," akasema akiinuka. "Ila nitafutie iliyovunjwa kufuli."