Injini Iliyong'aa Ikakataa Kuwaka

Wenye vijana wanaofungua magari uani, sikieni niliyoyasikia kwenye basi la Bagamoyo. Kaka mmoja amepakata koili mpya, kile kifaa kinachozipa plagi umeme wa cheche, anamwambia mama wa pembeni yake, mwenye ovaroli, kwamba tangu yeye na fundi wake wabadilishe injini gari haliwaki, na kesho ni kliniki ya mkewe mjamzito.

"Starta inazunguka?"

"Inazunguka, mama, ila plagi hazitoi hata cheche."

"Injini mliipaka rangi?"

"Ya fedha! Inang'aa kama sinia la harusi."

Mama akacheka. "Na ule waya mwembamba wa ethi ya koili, unaorudisha umeme kwenye chuma cha injini, mkaufunga juu ya rangi hiyo hiyo. Rangi inazuia umeme; upite wapi, baba? Kwangua rangi pale kwenye bolti."

Gari hajaliona, spana hajashika! Nilimtazama nikasahau nauli mkononi.

"Fundi wangu kasema koili ndiyo imekufa."

"Basi izike, mkeo apande bodaboda na tumbo lake."

Tukafika Zinga, kaka akashuka. Mama akampa kipande cha msasa dirishani. Akakitia mfukoni, koili bado kwapani. Mimi nikampigia hapo hapo mwanangu, naye ana injini uani: kopo la rangi alilonunua asilifungue.