Salesio Kaimenyi na Sindano Isiyo na Dawa

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, Mzee Salesio Kaimenyi, mkuu wa idara yetu ya fiziotherapia, anastaafu tarehe 30 Juni. Kamati ya sherehe iliniomba niandike maneno mazuri juu yake ya kuweka kwenye ratiba hii. Nikawaambia maneno mazuri ninayo, ila yamechanganyika na mengine, na kuyachambua ni kazi kama kuchambua mchele wa bei rahisi. Wakasema niandike tu. Basi asinilaumu mtu.

Mzee Salesio alishuka Isiolo kutoka Meru akiwa kijana mwembamba mwenye cheti kipya. Idara aliyoikuta ilikuwa nusu chumba; nusu nyingine ilikuwa stoo ya magodoro mabovu. Zile nguzo mbili ambazo wagonjwa wa kiharusi hushikilia wakijifunza kutembea upya, alizitengeneza yeye na fundi wa jua kali kwa mabomba ya maji. Ziko hadi leo. Ukizisifu mbele yake utapoteza asubuhi nzima, kwa hiyo tumejifunza kuzipita kimya.

Kwa muda mrefu, nasikia, alikuwa mtu wa kawaida. Halafu akaenda Nairobi kusomea sindano kavu, na tangu arudi hatujapata amani.

Kwa ambaye hajawahi kulazwa kwenye kitanda chetu, sindano kavu ni sindano nyembamba karibu kama unywele. Haina bomba wala dawa. Unatafuta fundo ndani ya msuli uliokaza, unalidunga, na msuli unaruka wenyewe, kama ngozi ya ng'ombe anayefukuza inzi. Ukisharuka unalegea. Kesho yake mgonjwa anaumwa kidogo, keshokutwa anageuza shingo. Anapewa pia mazoezi ya kufanya nyumbani, ambayo hayafanyi.

Shida ni kwamba Mzee Salesio haoni tena watu. Anaona misuli. Mkiwa kwenye foleni ya chai anakushika bega kutoka nyuma, anabonyeza, anasema, "Hapa kuna kitu," na chai yako inapoa. Makena wa uhasibu alimpelekea hati za kutia sahihi. Alirudi ofisini akijishika shingo, hati hazijaguswa. Hata kanisani hatuponi. Padri akisema tutakiane amani, Salesio anakupa mkono, kisha kidole gumba kinapanda polepole kuelekea kiwiko. Kuna waumini waliohama benchi.

Kisa cha Mzee Guyo Wario wa Korbesa wengi wenu mnakijua nusu. Nitakimalizia hapa, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa kwenye chumba.

Mzee Guyo alikuja na bega lililokataa kuinuka. Huko kwao maji hutolewa kisimani kwa kurushiana ndoo kutoka mkono hadi mkono, na mtu asiyeweza kuinua mkono anakaa kando na watoto. Salesio akamdunga. Mzee akaitazama ile sindano, akatafuta bomba, asilione. Akauliza, "Dawa iko wapi?" Akaambiwa hakuna. Akavaa shati lake, akaenda moja kwa moja kwenye dirisha la famasia, akadai apewe ile dawa ambayo daktari Mmeru amesahau kuitia ndani ya sindano. Huwezi kumlaumu. Hapa kwetu sindano ni dawa. Mtu akipewa vidonge peke yake anaona amedharauliwa, sembuse kudungwa chuma kitupu.

Badala ya kuliacha lipite, Salesio alimfuata famasia akamfundisha habari za misuli kwa Kiswahili, Kimeru na Kiborana chake cha kuokoteza, wagonjwa wengine wakisubiri. Mzee Guyo aliondoka akitikisa kichwa.

Wiki mbili baadaye alirudi. Bega lilikuwa linapanda. Nyuma yake alikuwa na majirani, gari zima, kila mmoja akitaka "ile haina kitu." Hapo ndipo balaa ilipoanza, maana walipofika kwa Muuguzi Kiragu kwenye chumba cha sindano za kawaida, wakakataa dawa. Mtu ana nimonia, anasema sindano ya kweli haina kitu ndani, ya Salesio ndiyo inaponya. Kiragu, mtu mpole ambaye hatujawahi kumsikia akipaza sauti, alisimama mlangoni petu akasema, "Salesio, watu wako wananiuliza kwa nini naharibu sindano na dawa." Ilituchukua msimu mzima kuwarudisha watu kwenye mstari, na kazi hiyo ilifanywa na sisi wengine. Mwenyewe alikuwa anachekea ndani.

Sasa niseme juu ya mafunzo, na hapa naomba uvumilivu, maana bado yananikera.

Salesio hakukubali mtu yeyote ashike sindano mpaka ajue kuona kwa kidole. Alikunja blanketi la wodini mara kadhaa, akaficha harage moja ndani, akatuambia tulitafute macho yakiwa yamefumbwa. Ukilipata anaongeza mkunjo. Ukizoea mikunjo analitoa harage kabisa bila kukuambia, na ukisema umelipata, unaanza upya. Wenzangu wawili walichoka wakaomba uhamisho. Mimi nikabaki, si kwa uvumilivu, bali kwa ubishi. Nilikwenda Nairobi, nikasomea kozi ileile aliyosomea yeye, nikarudi na cheti chenye mhuri. Alikitazama kama mwenye njaa anavyotazama picha ya ugali. Aliniruhusu vigimbi, mapaja na kiuno. Nikigusa shingo au bega anasema, "Bado, Wanja."

Ana sababu, na lazima niiseme hata kama inaniudhi. Chini ya msuli wa bega kuna pafu. Sindano ikipitiliza, mtu aliyekuja na maumivu ya bega anaondoka akihema. Ndiyo maana unaubana msuli kwa vidole, unauinua utoke juu ya mbavu, ndipo unadunga. "Msuli unasamehe," husema, "pafu halisamehi." Katika miaka yake yote ya sindano hajamtoboa mtu pafu. Wangapi wanaweza kusema hivyo?

Lakini "bado" ina mwisho wake. Mwezi wa Aprili msimamizi wetu, Bi Nyaguthii, alitangaza kwamba bila mtu aliyepitishwa na Salesio kwa mwili mzima, chumba cha sindano kitafungwa siku anayoondoka. Wagonjwa wataelekezwa Meru. Kwa mtu wa Kiwanjani, hapa mjini, huo ni usumbufu. Kwa mtu wa Kipsing au Korbesa, huko mbali, hiyo ni kuambiwa akae na maumivu yake. Salesio alisikia, akaitikia kwa kichwa, akaendelea kusema "bado." Aprili ikaisha. Mei ikaisha. Juni ikaingia, na keki ya kumuaga ikaagizwa.

Jumanne ya wiki iliyopita alikuja mama muuza miraa, shingo imekaza kwa kuinamia vifurushi tangu alfajiri. Nikamwandaa. Salesio akanisogeza pembeni mbele ya yule mama, akachukua sindano. Nikashindwa kujizuia. Nikamwambia, "Mzee, wewe unataka chumba kifungwe ndio ukumbukwe." Salesio alimaliza kumtibu mama yule, akanawa mikono, akaenda nyumbani kabla ya saa zake. Sikulala vizuri. Nilikuwa na hasira naye, na hasira nyingine ilikuwa juu yangu mwenyewe, kwa kumwambia hivyo mtu ninayempenda.

Asubuhi yake alikuja na mke wake, Mama Kaari. Ni fundi cherehani sokoni, ana shingo ya mtu aliyeinamia cherehani maisha yake, na hajawahi kuguswa na mtu yeyote isipokuwa mumewe. Salesio akamlaza kitandani. Akaweka pakiti ya sindano mkononi mwangu. Akasema, "Bega la kulia," akatoka nje, akafunga mlango.

Nilitafuta polepole. Nilibana msuli, nikauinua. Kidole changu kililipata fundo pale yanapokaa mafundo ya mafundi cherehani wote. Nje ya mlango viatu vya Salesio vilikuwa vinakwenda na kurudi, vinakwenda na kurudi, mpaka nikatamani kufungua nimpige navyo. Nikadunga. Msuli ukaruka mara moja, ukaruka tena, ukatulia.

Mama Kaari alivuta pumzi. Akaigeuza shingo upande huu, akaigeuza upande ule. Kisha akapaza sauti kuelekea mlangoni, "Salesio, enda ukae nyumbani. Huyu ameiva."

Akaingia. Akaweka kidole gumba kwenye bega la mkewe, akakiacha hapo muda mrefu. Mimi nilisimama kando nikisubiri neno nililolizoea. Halikuja. Alivua koti lake jeupe, akalitundika kwenye ndoano ya mlango, akanitazama machoni na kusema, "Mgonjwa wa pili anangoja, Daktari." Alikuwa hajawahi kuniita hivyo.

Chumba cha sindano hakifungwi.

Mzee Salesio, asante kwa nguzo, kwa blanketi, kwa harage lililokuwepo na lisilokuwepo. Asante kwa wagonjwa wanaoinua mikono yao leo kutoka hapa hadi Merti. Tunasikia umeshaanza kusema kwamba Jumatatu utapita kidogo, kuangalia tu. Usipite. Panda vitunguu vyako, umsindikize Mama Kaari sokoni, na kanisani utoe mkono wa amani kama watu wengine.

Tunakutakia siku ndefu, za afya na za raha. Na siku moja bega lako lenyewe likikaza, maana litakaza, umelitumia kwa mabega ya watu wengine miaka yote hii, mlango uko wazi. Njoo, ulale, unyamaze, uniachie mimi.

Wanja Kimotho
Idara ya Fiziotherapia