Ufunguo wa Chumba Namba Tisa

Mgeni rasmi, Afisa Kazi Mkuu. Mwajiri wetu, ambaye tunamwita Bosi Mama na mwenyewe anajua. Majirani, pamoja na wageni mliotoka vyumbani na taulo mabegani kuja kuona kuna nini: salaam nyingi.

KARIBU

Sisi wafanyakazi wa hoteli ndogo za mtaa huu, wasemaji tukiwa wa hoteli hii ya Bosi Mama, tumefurahi mno kwamba umekuja kutuzindulia ubao wa kuwaelekeza wageni. Tulikuandalia risala nyingine, ya maneno mazito, imepigwa chapa vizuri. Tumeiweka kando asubuhi hii, na sababu unaijua.

Ulipofika tulitaka kukupa ufunguo wa chumba namba sita ujinyooshe kidogo. Sasa, vibao vya funguo zetu hapa havikai sawa, na tisa ikining'inia kichwa chini ni sita kabisa. Mpokezi wetu, ambaye muda huu amejificha nyuma ya friji la soda, akakupa tisa. Ukafungua mlango, ukamkuta dobi wetu kalala na sare yake, kitambaa kibichi kwenye paji la uso. Ukasema, "Samahani dada, nimekosea mlango," ukafunga taratibu. Mheshimiwa, ulipofungua ndipo penyewe. Na maji tukishayavulia nguo, hatuna budi kuyaoga.

TULIKOTOKA

Zamani huu ulikuwa mtaa wa mafundi baiskeli. Stendi ya mabasi ilipohamia jirani, kila mwenye chumba cha ziada akanunua godoro akajiita hoteli. Leo mgeni anachagua mwenyewe. Anayetaka maji ya moto aende ghorofa ya kijani. Anayetaka utulivu aende ile ya kona, mradi asiogope paka. Anayetaka mashuka meupe yaliyokauka juani, aje kwetu. Yote yameandikwa ubaoni isipokuwa paka. Na sifa ya mashuka, Mheshimiwa, ni ya dobi huyo huyo uliyemkuta amelala.

TUNAYOJIVUNIA

Mgeni akiugua mikononi mwetu, hana wasiwasi. Mpishi anamchemshia supu, mlinzi anakimbilia dawa, na hakuna anayemgongea mlango. Hatujawahi kumwambia mgeni, "Hebu amka, unatuchelewesha."

KINACHOTUSUMBUA

Sheria ya likizo ya ugonjwa yenye malipo ipo, tunaisikia, lakini inawashika waajiri wakubwa tu. Hoteli kama zetu, ambazo wafanyakazi wote wanaenea kwenye benchi moja, zimeachwa. Usipokuja, hulipwi. Basi na sisi tukajitungia sheria yetu.

Chumba namba tisa bomba lake bovu, hakiuzwi. Tunakiita Wodi. Anayeumwa anakuja na sare, anasalimia, anaonekana, halafu anaingia Wodi, na wengine tunagawana kazi yake. Bosi Mama akiuliza, "Dobi yuko wapi?" tunajibu, "Yuko vyumbani, Mama." Jamani, si yuko? Mlinzi amewahi kufua mashuka akachanganya na soksi zake nyekundu. Mgeni mmoja akauliza kama vyumba vya mashuka ya waridi vina bei ya juu. Tulicheka mpaka machozi.

Safari hii hatucheki. Kifua kinambana dobi, na daktari amemwandikia apumzike nyumbani. Tulipomsihi akatujibu, "Nikipumzika, mama na wanangu watakula karatasi ya daktari?" Tukamfungulia Wodi. Tunaogopa, Mheshimiwa. Tunaogopa siku tutakayobisha Wodi asiitike mtu.

Bosi Mama, hatukusemi kwa ubaya. Wewe ulipovunjika mguu ulipokea wageni umeunyoosha juu ya kreti la soda, nani asiyekumbuka? Tunajua kumlipa mgonjwa na kumlipa kibarua wa kushika nafasi yake ni mzigo kwa hoteli ya vyumba vichache. Ila na wewe tulikuonea huruma siku ile, tukaogopa kukuambia ukapumzike.

TUNAYOOMBA

Sheria iwafikie na waajiri wadogo, lakini isiwaponde. Hoteli zote za mtaa zichangie mfuko mmoja, ofisi yako iusimamie, na anayeugua alipwe humo. Mwenye ghorofa ya kijani na mwenye hoteli ya kona tulipowadokezea walitikisa vichwa kukubali. Tunawaona hapo mbele, tafadhali msiviinamishe sasa.

Pia tunaomba bomba la namba tisa litengenezwe, chumba kiuzwe, tusiwe na pa kufichana tena.

La mwisho ni la leo. Mheshimiwa, ufunguo wa namba tisa haujarudi mapokezi. Tunadhani bado uko mfukoni mwako. Tunaomba usiturudishie sisi. Mkabidhi Bosi Mama, hapa hapa, mbele ya watu. Naye akiupokea, tutajua amekubali dobi aende kwao, na siku zake za kuugua zilipwe kama za kazi. Gari tumeshaliita. Dereva yuko mlangoni, na ameahidi kutopiga honi kwa sababu mgonjwa amelala.

Mungu akujalie afya, mgeni wetu. Na siku itakapokupungua, akujalie mtu wa kukuambia: nenda nyumbani ukapone, kazi yako ipo.

Ni sisi,
Umoja wa Wafanyakazi wa Hoteli Ndogo za Mtaani,
pamoja na dobi wetu, aliyeko Wodi.