Eldon Harju na Bastola Ndogo za Rafu ya Chini

Ijumaa, tarehe 31 Oktoba 2025, Eldon Harju atakabidhi funguo za uwanja wetu wa shabaha wa Otter Creek baada ya miaka thelathini na saba na nusu ya utumishi. Aliingia hapa Aprili 1988, theluji ikiwa bado imefika madirishani, mgodi wa shaba ukiwa umemwachisha kazi pamoja na nusu ya wanaume wa mji huu. Aliajiriwa kwa wiki mbili, kupaka rangi mbao za shabaha. Wiki hizo mbili ndizo zinazokwisha Ijumaa hii.

Kamati imeniomba mimi, Noreen Aho, niliyekaa naye ofisi moja kwa miaka ishirini na miwili, niandike wasifu huu. Eldon mwenyewe aliniomba niandike mistari minne, isizidi. Niliwasikiliza wote, kisha nikaitii kamati.

Wengi wenu mnamfahamu Eldon wa mwezi wa Novemba, yule anayesimama kwenye matope siku tatu kabla ya msimu wa kuwinda kulungu huku watu sabini wakitaka kurekebisha vilengeo vya bunduki zao kwa wakati mmoja. Lakini kazi aliyoipenda ni ile ya Jumamosi asubuhi, ya kuwafundisha wageni kabisa. Nyuma ya kaunta kuna kabati, na rafu ya chini ya kabati hilo ina bastola tisa ndogo, za kipenyo cha pointi ishirini na mbili, zinazotumia ile risasi nyembamba inayogongwa ukingoni mwa kitako chake. Kila aliyeingia mlangoni kujifunza, hata awe na mabega ya kubeba ng'ombe, alianzia rafu hiyo. Hakukuwa na njia ya mkato.

Alikuwa na sababu. Mwaka 1989, mwalimu mmoja wa shule ya msingi alikuja akitaka kujaribu rivolva kubwa, bastola ya kasha la risasi linalozunguka, aliyoachiwa na marehemu baba yake. Eldon, kijana wa kupenda kuwafurahisha watu, akamjazia risasi akampa. Bastola ilipiga teke, ikarudi, ikampasua juu ya jicho. Alishonwa nyuzi tano. Eldon alimwandikia barua mbili za kuomba radhi, na hakupata jibu. Aliniambia jambo hilo mara moja tu, akiwa ameinama anafunga kamba za viatu.

"Alikuja anataka kumkumbuka baba yake," alisema. "Mimi nikampa kovu."

Tangu hapo hakumkabidhi mgeni bastola kubwa. Wageni walilalamika, naye aliwaacha walalamike mpaka wachoke, kisha akawapangia mezani tatu au nne za rafu ya chini, tupu, zimefunguliwa, mitutu ikielekea kilima kilicho nyuma ya shabaha.

"Usiniulize imetoka kiwanda gani," aliwaambia. "Shika kwanza. Kidole kinafika kwenye kifyatulio bila kuusokota mkono? Unaweza kuikoki mwenyewe, uvute kifuniko cha juu mpaka nyuma, bila kuniita? Unakiona kilengeo kwa miwani hiyo hiyo uliyovaa?" Mtu akisifia nyepesi kuliko zote, Eldon alitikisa kichwa. Nyepesi huyumba mkononi, alieleza. Yenye uzito kidogo hutulia, na mgeni anahitaji kitu kinachotulia. Aliwashauri pia wasinunue yoyote kabla ya kuijaribu kwa aina mbili tatu za risasi, kwa kuwa hizi ndogo zina uchaguzi kama paka: hii inakula hiki, ile inakikataa. Na juu ya yote, risasi zake ni nafuu na hazichoshi kifundo cha mkono, kwa hiyo mtu anaweza kupiga mia mbili asubuhi moja na bado akatamani kurudi.

Sasa niwaeleze habari za Carla Dufresne, ambaye ameniruhusu kuzieleza.

Machi 2011 Carla alikuwa askari jela wa kaunti aliyepandishwa cheo kwenda doria. Alifaulu kila kitu isipokuwa bastola. Alianguka mtihani wa kwanza, akaanguka wa pili. Wa tatu ulikuwa baada ya wiki tano, na akianguka huo, hapati doria wala hakuwa na pa kurudi, maana nafasi yake jela ilishapata mtu. Alikuwa analea watoto wawili peke yake. Alikuja na bastola yake ya kazi kiunoni, uso umekaza kama ngoma.

Eldon alimwomba aiweke pembeni, akainama kwenye rafu.

"Mzee," Carla akasema, "nina wiki tano. Sina muda wa kuchezea bastola ya kuulia panya."

"Panya naye sharti umpige," Eldon akamjibu. "Kaa hapo."

Kwanza alimpa rivolva ndogo ya zamani, akaijaza kwa siri: matundu mengine risasi nzima, mengine maganda matupu. Carla akafyatua. Risasi ya kwanza ikalia. Ya pili ilikuwa ganda. Haikulia, lakini mtutu ulizama kama mtu aliyesukumwa kwa nyuma. Hakuna teke lililotokea. Ni mikono yake yenyewe iliyojikunja ikilingoja. Aliliona, na mimi niliyekuwa kwenye kizingiti na faili zangu nililiona.

"Unaogopa nini, binti?" Eldon akauliza, taratibu, kama anauliza saa.

Carla aliiweka bastola mezani. Kisha akasema kwamba aliyemfundisha kwanza ni mume wake wa zamani. Alimpa bastola kubwa kuliko zote aliyokuwa nayo, bila kumwambia lolote, akasimama nyuma na rafiki zake wakimpiga picha za video. Bastola ilipomrusha walicheka mpaka wakakaa chini. "Kelele siiogopi," alisema. "Kila nikitaka kufyatua, nasikia wale watu wanataka kucheka."

Eldon hakusema pole. Alikwenda stoo akarudi na kipande cha boksi na kalamu nene, akaandika, akakipigilia msumari ukutani. Ndicho kile mnachokiona mpaka leo, ambacho wageni hudhani ni mzaha: HAPA HATUMCHEKI ANAYEJIFUNZA.

"Basi," akasema. "Sasa chagua."

Akamwekea tatu. Carla aliacha ile ya plastiki, ikampendeza moja ya chuma, ndefu kidogo ya mtutu. Eldon aliikubali kwa kuwa kifyatulio na kilengeo chake vilifanana na vya bastola ya kazi, hivyo atakachojifunza hapa atakwenda nacho kule. Kwa wiki mbili hakuruhusiwa kuigusa ile kubwa. Alikuja kila alasiri akitoka zamu, akipiga ile ndogo mpaka giza linapoingia.

Siku ya sita au ya saba, risasi moja iligoma. Risasi hizi hugoma mara mojamoja, na sheria ni moja: usifungue, usigeuke, elekeza mtutu kwenye shabaha uhesabu mpaka thelathini, maana huenda ikachelewa kulia. Carla aliganda. Eldon akasogea begani kwake, akaanza kuhesabu kwa Kifini, lugha ya bibi yake, kwa sauti ya kubembeleza mtoto: yksi, kaksi, kolme. Carla hakijui Kifini, lakini akamfuatisha. Walipofika kwenye ishirini hivi, mabega yake yakashuka. Tangu aanze kuja hapa sikuwa nimeyaona yakishuka. Walimaliza thelathini, wakaitoa ile risasi mbovu, na tano zilizofuata ziliingia kwenye duara nililoweza kulifunika kwa kikombe cha kahawa.

Baada ya hapo alihesabu mpaka tatu kabla ya kila risasi, kwa Kifini, midomo ikichezacheza. Wiki ya tatu Eldon akamrudishia bastola ya kazi: tano za kubwa, ishirini za ndogo, tano za kubwa. Siku ya mtihani wa tatu alifaulu, kwa risasi mbili tu juu ya kiwango. Alitupigia simu kutoka kwenye gari. Eldon alisikiliza, akasema, "Vizuri. Jumamosi njoo, mkono wa kushoto bado unalegea," akakata. Kisha akaenda kufagia sakafu niliyokwisha kuifagia.

Nisiwafanye mkadhani ni malaika. Mwaka 2013, risasi hizi ndogo zilipopotea madukani nchi nzima, alificha makopo kumi na moja kwa ajili ya wageni wake na hakumpa hata mwanachama wa kamati. Mmoja wetu, simtaji, alimletea soseji ya kulungu kilo mbili ili amlainishe. Eldon alipokea soseji kwa shukrani nyingi, akaila mbele yake, na risasi hakutoa. Pia ameunguza sufuria tatu za kahawa za ofisi hii.

Mwaka 2022 mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka. Aliuficha vizuri. Nilimfuma alasiri moja ya Jumatatu, uwanja ukiwa mtupu, akipiga ile ile bastola ya chuma. Karatasi yake ilikuwa nyeupe. Hakukuwa na tundu hata moja.

"Noreen," akasema bila kugeuka, "usiliandike hili kwenye taarifa ya klabu."

Nimeliandika, Eldon. Nisamehe.

Wiki ile alitaka kuacha kazi. Carla ndiye aliyemzuia. Alikuja akiwa na sare zake, akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Mzee, mimi ulinifundisha kwa mkono au kwa mdomo?"

"Kwa vyote."

"Basi mkono nitakuwa mimi. Wewe lete mdomo, unao wa kutosha."

Kwa miaka mitatu, kila Jumamosi isiyo ya zamu, Carla amesimama mbele ya wageni akionyesha, na Eldon pembeni akieleza, mkono wa kulia mfukoni. Ni Carla atakayeliendesha darasa kuanzia Novemba.

Darasa lake la mwisho lilikuwa Jumamosi iliyopita. Walikuwa wageni sita, mmoja wao Mama Lempi Pelto, mwenye miaka sabini na moja, ambaye vidole vyake vimekunjwa na baridi yabisi. Alishindwa kukoki bastola zote za kwenye meza. Alikuwa amekwisha kuchukua mkoba wake.

"Usivute," Eldon akamwambia. "Mkono wa kushoto ushike kifuniko cha juu, utulie. Wa kulia, ulioshika mpini, ndio usukume mbele." Akatoa mkono wake mfukoni, mbele ya watu wote, akamwonyesha hewani. Ulitetemeka sana.

Mama Lempi akautazama. "Na wako una nini?"

"Umechoka kunitii."

"Wangu pia," akasema, akaweka mkoba chini. Akasukuma, na bastola ikakoki. Alipiga tano, mbili ziliingia kwenye karatasi, moja karibu kabisa na katikati. Akaibandua karatasi ile, akampa Eldon aende nayo nyumbani. Kwa desturi kila mgeni huondoka na karatasi yake, na kwa miaka yote hii Eldon hajawahi kubaki na hata moja. Aliikunja mara nne akaitia mfuko wa shati, ikamchukua muda kukifunga kile kifungo.

Wakati huo sisi wengine tulikuwa tumeingia kwa mlango wa nyuma, wanachama kama arobaini, tukaanza kupiga makofi. Eldon alikuwa ametupa mgongo, vikinga masikio bado kichwani, anaifuta bastola. Hakusikia kitu. Tulipiga makofi dakika nzima kwa mgongo wa mtu anayefuta bastola, mpaka Carla akamgusa bega. Akageuka, akainua kikinga cha sikio moja.

"Kuna nini?" akauliza. "Mnataka nini?"

Tukaendelea tu kupiga makofi.

Tulikuwa tunasema asante, Eldon. Nenda ukapumzike. Mikono yako ikupe amani, kahawa yako aichemshe mtu mwingine, na kila asubuhi ikukute na hamu ya kuamka. Maisha mema yawe nawe, kutoka kwetu sote wa Otter Creek.