Feni ya Venyamin

Ndugu waombolezaji, marehemu Venyamin Safronovich Lukoyanov alizaliwa tarehe 9 Machi 1948, kijiji cha Berezovka, kando ya mto Kama, mtoto wa tatu wa Mzee Safron na Mama Ulyana. Shule alisoma hapo hapo kijijini, akaenda Kazan kusomea ufundi wa mitambo, akamaliza mwaka 1971, akachaguliwa kufundishwa safari za anga za juu, na tarehe 6 Juni 1974 akamwoa Klavdia, wakajaliwa binti mmoja, Ninel.

Mwaka 1983 alirushwa kwenda kwenye kituo cha angani, yeye na mwenzake Radik Gimranov, kazi yake ikiwa kutunza mitambo ya hewa na maji. Huko juu pumzi unayoitoa haiondoki yenyewe, inakaa usoni kama blanketi, mpaka feni iisukume kwenye mtambo wa kuisafisha, kwa hiyo feni zinavuma saa zote. Siku moja wamelala, umeme ukakatika, feni zikanyamaza, na ule ukimya ndio uliomwamsha Venyamin, kichwa kinamgonga, akamtikisa mwenzake, "Amka, we! Tunakufa!", Radik akajibu na usingizi wake, "Niache bwana, leo ndiyo kwanza umeacha kukoroma," lakini alipojisikia anahema kama mbwa, utani ukamwisha, wakashika zamu, mmoja anapepea hewa kwa taulo, mwingine anapapasa nyaya gizani, mpaka feni zikavuma tena.

Alirudi mzima, ila hofu alirudi nayo. Hata theluji ikifika madirishani alitaka feni, Klavdia akalala na kofia ya manyoya, akilalamika, "Mzee wewe, utanigandisha kama samaki!", naye akimwomba, "Klava, chukua mablanketi yote, ila usiizime nikiwa nimelala."

Mwaka jana mapafu yalianza kumsumbua, akalazwa, muuguzi akazima feni kwa kumhurumia na baridi, Venyamin akaruka kitandani akimwita Radik, basi Klavdia akaomba amuuguzie nyumbani, na huko ndiko alikofariki, tarehe 14 Januari 2024, amelala, feni inavuma.

Tunawashukuru madaktari, majirani waliochimba kaburi kwenye barafu, na wenzake wa kazini. Leo asubuhi, kabla jeneza halijafunikwa, Klavdia aliizima feni kwa mkono wake, nyumba ikawa kimya, wote tukashtuka, Radik akainama haraka kumtazama rafiki yake usoni, na Venyamin hakuamka.

Huna cha kuogopa tena, ndugu yetu. Pumzika kwa amani.