Bendi Inayokwenda Misibani

Ndani ya Noah ya abiria iendayo Kikatiti, redio ilipiga wimbo wa ile bendi ya magitaa ya Olasiti, ambayo kila wimbo wake ni kisa cha mtu. Huu ulimhusu mkulima aliyekata kahawa yake yote kwa siku moja, kisha akaketi juu ya kisiki akilia.

"Miaka saba wanatunga visa, na hawaishiwi!" alisifu kijana wa kiti cha kati.

"Wanatunga wapi, mwanangu?" akadakia mama aliyekaa pembeni yake. "Wanazunguka misibani. Wanakula pilau, wanasikiliza historia ya marehemu ikisomwa, halafu wanaenda kuipigia magitaa."

"Mama, huo sasa ni wivu."

"Wivu wa nini? Kwani mimi nina bendi?"

Nyuma yao alikaa Elinipa. Historia ya baba yake aliiandika mwenyewe, na kwa kuona aibu akasoma kaburini kwamba kahawa ilikufa kwa ugonjwa. Ukweli aliujua yeye na kaka yake tu.

Gari liliposimama Kikatiti, wale wawili walishuka wakiendelea kubishana. Elinipa alibaki kitini, akijaribu kukumbuka siku ile ya maziko kaka yake alikaa na nani.